Kipindi cha Pili Nisichokikumbuka

Nimeacha kudaka mwishoni mwa msimu huu. Watu wa Katesh wakinikuta sokoni huniuliza kama ni goti au ni mgongo, kwa sababu hayo ndiyo maradhi yanayokubalika kwa mchezaji wa ligi ya mkoa. Nawajibu kwamba ni umri, wanaridhika, tunaendelea kuulizana bei ya mahindi. Ninyi mnaovaa glavu sasa, mlioniuliza swali hilo hilo siku ya mazoezi ya kuniaga, mnastahili jibu refu zaidi.

Nilidakia Ngano Rangers kwa misimu kumi na sita. Hatukuwahi kupanda daraja. Sitaandika tulilipwa nini, maana wengi wenu mnalipwa hicho hicho na mnakijua. Nitaandika kuhusu hofu, kwa kuwa ndiyo niliyofanya nayo kazi kila Jumamosi, na kuhusu siku niliyotoka uwanjani Mbulu kabla mechi haijaisha, ambayo najua mmesimuliwa kwa namna nyingine.

Nilizaliwa Bashay, upande wa Mbulu, nikaja Katesh nikiwa na miaka ishirini na mbili kujifunza kuchomelea vyuma. Shuleni nilikuwa kipa kwa sababu nilikuwa mrefu na sikuwa na viatu. Kipa ndiye mchezaji pekee anayevumiliwa akiwa peku. Jioni moja fundi wangu alinipeleka kwenye mazoezi ya Rangers. Kipa wa timu alikuwa Mzee Qamara. Hakuwa mzee, alikuwa na miaka thelathini na tisa, lakini kwa mtu anayejirusha kwenye changarawe hiyo ni miaka mingi.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Nionyeshe mikono.”

Nikamwonyesha. Akaigeuza kama anayekagua viazi kabla ya kununua.

“Vidole vyote vimenyooka. Hujadaka bado. Unaogopa mpira?”

“Hapana, mzee. Siogopi.”

“Basi rudi kwenye vyuma vyako. Hapa tuna watu kumi wasioogopa, na ndio wanaotufungisha. Namtafuta mmoja mwoga.”

Nikafikiri kidogo, nikasema labda naogopa kiasi.

“Hicho kiasi tutakikuza,” akasema, akanisimamisha langoni.

Siku hiyo sikugusa mpira. Alinifumbisha macho na kuniambia ninyooshee mkono mlingoti wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mtambaa panya. Nilikosea yote matatu. Alinirudisha kwenye mstari, akaniambia nichore kwa kisigino alama ya katikati ya goli, hatua sita mbele, ili nikitoka nijue njia ya kurudi. “Kipa asiyejua mlingoti uko wapi ataujua kwa kichwa,” alisema. Mnajua kwamba alama ile bado naichora. Wengine mlidhani ni dawa.

Kwa wiki tatu alinifundisha kuogopa kwa mpangilio. Mpira wa chini unaogopwa mapema, kabla haujapigwa, kwa sababu viwanja vyetu vina mashimo na mpira ukidunda unabadilisha mawazo. Mpira wa juu unaogopwa kwa masikio, kwa kusikiliza nani anakimbia nyuma yako. Mtu unayemwona haumizi sana. Anayeumiza ni yule anayeutazama mpira kama wewe.

Glavu zangu za kwanza nilizipata mnadani Katesh, kwenye rundo la mitumba, ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Nilizifua kwa maji matupu na kuzianika kivulini, na kabla ya mechi nilizilowesha kidogo, kwa kuwa glavu kavu ni kama mkono wa maiti. Vaseline nilipaka kwenye viwiko na nyonga. Chini ya bukta nilivaa suruali ya mazoezi iliyokatwa. Kila kitu kilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa ni ngozi.

Viwanja mnavijua. Yaeda Chini, miaka ile, mtambaa panya ulikuwa kamba, na kila goli la juu lilifuatiwa na mkutano wa kijiji. Ng'ombe walikatisha nusu yetu wakati wa kwenda kunywa maji, na refa, ambaye alikuwa mwalimu, alisimamisha mchezo kwa heshima. Bashay, kwetu, tulicheza kwenye shamba lililovunwa, visiki vya mabua ya mahindi vimekatwa kwa pembe kama mikuki. Huko nilichanika paja mbele ya mama yangu, naye akawaambia majirani kwamba yule si mwanawe, ila wanafanana.

Lakini uwanja nilioutetemekea ni wa Gitting. Uko kwenye mteremko wa mlima Hanang, na alasiri ukungu unashuka kutoka msituni bila kuaga. Unaanza kwa kufuta kibendera cha kona. Baadaye unafuta winga. Mwisho unabaki wewe na goli lako, unasikia miguu na sauti za watu wanaoitana, na mpira unatokea ukiwa hatua nane kutoka usoni pako.

Kabla ya kufika huko lazima niseme kuhusu kamati. Kila timu ya ligi yetu ina benchi la ufundi na ina kamati ya ufundi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Benchi linashughulika na mpira. Kamati inashughulika na yale ambayo wapinzani wamefukia langoni. Ya kwetu iliongozwa na Bwana Faustini, ambaye Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya na Jumamosi alituambia tuingie uwanjani kwa kupitia juu ya ukuta. Alikuwa mtu mwema na mnyoofu, na aliamini kazi zake zote mbili. Mimi niliamini nusu. Nimeona makipa wenye elimu kuliko mimi wakigoma kusimama langoni mpaka mfuko wa rambo uliochomekwa kwenye nyavu uondolewe. Ukisimama peke yako dakika tisini huku kila kosa lako likihesabiwa, hutakosa kutafuta wa kumsingizia.

Na kapteni wetu alikuwa Gidamis, beki wa kati, mtu wa Wilaya ya Hanang kwa baba na kwa mama, mrefu, mkimya. Akipiga kichwa mlio ulifika benchi. Mipira mirefu ya adui aliirudisha ilikotoka, mara arobaini, mara hamsini kwa mechi, na mastraika wa mkoa mzima walimkwepa kama pundamilia anavyokwepa kichaka. Kwangu alikuwa ukuta wa nyumba. Kwa miaka tisa tuliyokuwa pamoja sikuwahi kumsikia akisema anaumwa.

Ilikuwa msimu wangu wa kumi na nne. Tulikwenda Gitting tukiwa wa pili kwenye msimamo, zimebaki mechi mbili, hiyo na ya mwisho. Ukungu ulishuka dakika ya thelathini na kitu. Nakumbuka kona ya upande wa kushoto. Nakumbuka kusikia mguu ukipiga mpira bila kumwona mpigaji. Nilitoka, nikauona mpira, mweupe ndani ya weupe, nikanyoosha ngumi. Upande wa kulia nikasikia mtu akihema.

Baada ya hapo nakumbuka niko nyuma ya lori letu la Fuso, tunashuka kuelekea Katesh, nimeshika mua uliomenywa nusu, na wenzangu wanaimba jina langu.

Nilidhani tumegongana sasa hivi. Nikamuuliza aliyekaa karibu, Emanueli, kipa wetu wa akiba, matokeo ni ngapi ngapi.

“Acha utani, kaka. Moja bila! Na ile penalti! Ulivyoruka kama paka!”

“Penalti,” nikasema.

“Unamwambia mpigaji kabisa, ‘Piga kulia, leo utapiga kulia,’ na kweli anapiga kulia! Ulijuaje?”

Nikacheka pamoja nao. Nikatafuna mua. Ndani nilikuwa nimepoa kama chuma kilichotumbukizwa kwenye ndoo. Kumbe straika alinipiga goti kwenye paji la uso, nililala kama dakika mbili, nikaamka, nikasema niko sawa, nikacheza kipindi kizima cha pili. Nilipanga ukuta. Nilibishana na refa. Nilimtania mpigaji penalti. Nilifanya yote hayo na mimi sikuwepo. Msiniulize nani alikuwa langoni. Nilianza kumwogopa mtu huyo, hasa kwa kuwa alikuwa anadaka vizuri kuliko mimi.

Huduma ya kwanza ya timu ilikuwa kwa Dada Restituta, muuguzi wa zahanati, aliyekuja kwenye mechi na sanduku lake na chupa ya chai iliyojaa barafu, zile za watoto za kufyonza. Hizo ndizo zilizokuwa matibabu ya uvimbe. Nyekundu zikiyeyuka mtazamaji alidhani umepasuka mshipa. Siku ile tulipofika Katesh alinivuta pembeni ya duka la Kocha Hamisi, ambako ndiko Fuso lilikolala.

“Leo tumecheza na nani, Damiano?”

Nikataja timu.

“Hiyo ni ya Jumamosi iliyopita. Leo asubuhi ulikunywa chai na nini?”

“Na maandazi.”

“Tulikunywa uji. Wote. Nilikukorogea mimi.” Akaufunga mfuniko wa chupa polepole. “Sikiliza. Kichwa si goti. Goti likiumia mara ya pili unachechemea. Kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, unaweza kulala uwanjani tusikuamshe. Nimeona mmoja, alianguka na pikipiki mara mbili ndani ya wiki. Ya pili ilikuwa ndogo kabisa. Alikuwa anacheka. Nenda hospitali, na usidake mpaka uambiwe.”

“Mechi imebaki moja tu, dada.”

“Aliyekuambia kichwa kinajua ratiba ni nani?”

Nilimwahidi kwenda. Sikwenda. Jumatatu nilirudi karakana. Mwanga wa kuchomelea ulinipenya mpaka kisogoni hata nikiwa nimevaa kioo, nikatapika nyuma ya mitungi ya gesi. Jumanne nilipima geti la mteja mara tatu na kupata vipimo vitatu. Jumatano nililikamilisha, bawaba za milango yote miwili nimezichomelea upande mmoja, likawa geti ambalo haliwezi kufunguka wala kufungwa. Fundi wangu alilizunguka, akasema huenda lingefaa kwa mtu mwenye siri.

Na jioni, mazoezini, niligundua jambo baya zaidi. Mpira wa chini niliuona mmoja. Mpira wa juu ulipotoka angani ulipasuka, ikawa mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, inakuja sawia. Nikajifunza kuufuata wa chini. Mara nyingi ndio uliokuwa wa kweli. Nawaandikia hili muone jinsi akili ya kipa ilivyo: nilikuwa nimepata ugonjwa, nami nikaufanyia mbinu.

Habari zilivuja kwamba sikumbuki penalti. Kamati ikakaa. Bwana Faustini alinijia Alhamisi, uso umejaa huruma ya kweli.

“Mdogo wangu, si kichwa. Uliangukia juu ya mstari wa goli lao, na pale walikuwa wameweka kitu. Nyota yako imebaki pale Gitting. Kichwa kingekuwa kibovu, ungewezaje kudaka penalti?”

Alikwisha kutuma mtu akachote udongo wa goli lile. Waliushonea ndani ya kitambaa, kitambaa wakakishonea kwenye glavu yangu ya kushoto, upande wa kifundo. Kukawa na sharti moja, nalo lilisomwa mbele ya timu nzima: katika mechi ya mwisho nisivuke mstari wa pembeni kabla ya kipenga cha mwisho. Kipa mwenye nyota iliyoshikwa akitoka, goli linabaki wazi nyuma yake, na hakuna atakayelifunga.

Mtacheka. Lakini niambieni, nilikuwa nachagua kati ya nini na nini? Restituta aliniambia naweza kufa. Faustini aliniambia nibebe udongo. Nilimwamini Faustini kwa sababu alitaka kidogo tu kutoka kwangu. Huo ndio ukweli, na aibu yake ni yangu, si ya kamati. Nilivaa glavu ile nikaona ina uzito, nikaona kama napata nafuu. Wakati wa kulala nililala nimekaa, mgongo ukutani, kwa kuwa niliogopa nikilala chali sitaamka mimi, ataamka yule wa kipindi cha pili.

Mechi ya mwisho ilikuwa Mbulu mjini. Sare ilitutosha kupanda. Ilipangwa saa nane mchana kwa ajili ya umbali. Kulikuwa na jua jeupe la baada ya mvua, na uwanja umejaa mpaka watoto wamekaa kwenye mstari wa goli. Nyuma ya goli langu walisimama vijana wa bodaboda, wakinitukana kwa Kiiraqw wakidhani kipa wa Katesh hasikii.

“Huyo mrefu mtazameni, anapepesa macho kama bundi mchana!”

“Mleteeni chai, amelala!”

Nikawajibu kwa Kiiraqw hicho hicho kwamba chai naomba iwe na maziwa, na kwamba nawajua mama zao wa Bashay. Wakalipuka kwa kicheko. Mmoja akanipigia shikamoo. Ilikuwa mara ya mwisho siku ile nilipojisikia mtu.

Kipindi cha kwanza walipiga chini, nikaokoa. Kipindi cha pili kocha wao akagundua, sijui kwa nini wala vipi, wakaanza krosi. Ya kwanza niliufuata mpira wa chini, nikaukumbatia. Ya pili niliufuata wa chini, mikono yangu ikafunga hewa, na ule wa juu, wa kweli, ukapita juu ya vidole. Gidamis aliuondoa kwa kichwa mstarini.

“Unadaka upepo?” akaniuliza, hakuwa na hasira bado.

“Jua.”

“Jua liko nyuma yako.”

Nikaangalia. Lilikuwa nyuma yangu.

Dakika ya sabini na moja walipata kona, kushoto, upande ule ule wa Gitting. Straika wao mkubwa alisimama kwenye ukingo wa boksi, akiinama na kunyoosha mapaja. Nikayatazama magoti yake. Nilijua atakimbia vipi. Atautazama mpira, mimi nitautazama mpira, na mimi nitautazama usio wa kweli. Mikono itakwenda pengine na uso utabaki njiani. Nilijaribu kuunyooshea mkono mlingoti wa kulia bila kugeuka, nikagusa hewa. Miaka kumi na minne ya kuujua, na haukuwepo pale nilipouacha.

Kwenye benchi Dada Restituta alikuwa amesimama. Chupa yake ameiweka chini.

Nikanyoosha mkono. Refa akasimamisha kona, akaja akikimbia.

“Kipa, umeumia wapi?”

“Sijaumia bado.”

“Bado?”

“Naomba kutoka.”

Alinitazama kama nimemwomba anikopeshe kipenga. Nikaanza kutembea. Uwanja ulinyamaza, hata wale wa bodaboda. Kocha Hamisi alikuja mpaka mstarini, mikono kichwani.

“Damiano, mwanangu, dakika kumi na tisa. Simama tu. Hata usidake, simama tu, wakuone!”

“Sioni mpira, kocha.”

“Nani anauona? Mimi mwenyewe siuoni!”

Bwana Faustini alikuwa kando yake. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kuomba, “Usivuke, mdogo wangu. Nakusihi. Usivuke.” Na nataka mjue kwamba mguu wangu uligoma kweli. Nilisimama kwenye chokaa ile nikahisi kitu kinanivuta shati mgongoni. Niliamini kabisa kwamba nikivuka tutafungwa. Nikavuka.

Emanueli aliingia mwili haujapata moto. Kona ikapigwa. Straika akaruka peke yake, pale pale ambapo ningekuwa nimesimama, goti limetangulia, akafunga kwa kichwa.

Ikaisha hivyo, moja bila. Hatukupanda. Kipenga cha mwisho kilipolia nilikuwa nimeketi juu ya sanduku la Restituta, naye amesimama mbele yangu akiwa ameikunja mikono, kwa kuwa baadhi ya mashabiki wetu walikuwa wanakuja. “Ameuza! Ameuza mechi!” Mmoja wao ni jirani yangu, tunachota maji bomba moja. Alinitemea mate, yakamwangukia Restituta kwenye gauni. Restituta akamwambia, “Shangazi yako akijua umenifanyia hivi atakulisha sabuni,” naye akaona haya, akarudi nyuma, na wengine wakapungua.

Wachezaji walikataa nipande nyuma ya Fuso pamoja nao. Hakuna aliyelisema, ila kila nilipoweka mguu kwenye bomba la ubavuni mtu alikuwa ameketi pale nilipotaka kukaa. Dereva akanifungulia mlango wa mbele. Tukaondoka jua lingali juu, na sikusikia hata mtu mmoja akiimba. Nilikuwa nikitazama kioo cha pembeni kwa sababu nilidhani mmoja wao atanirukia tukisimama. Nawaambia kweli kwamba nilizihesabu spana zilizokuwa chini ya kiti.

Tulisimama Dongobesh watu wanunue maji. Dereva akashuka. Mlango wa upande wake ukafunguliwa, akaingia Gidamis, akaufunga. Mikono aliiweka juu ya usukani. Nilikuwa nimekishika kitasa cha mlango wangu.

“Niambie ukweli,” akasema. “Wamekupa kitu?”

“Hapana.”

“Apa.”

“Kwa kaburi la baba yangu, Gidamis. Naona mipira miwili. Tangu Gitting. Sikumbuki penalti, sikumbuki kipindi cha pili chote. Nilikuwepo, nikaongea, nikacheka, na sikumbuki.”

Nilisubiri ngumi. Yeye alitazama mbele, kwenye duka ambalo wenzetu walikuwa wamejipanga wakinunua maji na biskuti, hawatutazami kwa makusudi.

“Hata kidogo?” akauliza.

“Hata kidogo.”

“Na unahisi nini unapojaribu kukumbuka? Giza?”

“Siyo giza. Hakuna kitu. Kama ukurasa umechanwa.”

Akaongea, na sauti ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule, sijawahi kuisikia tena.

“Mimi sikumbuki harusi ya dada yangu. Picha ninazo. Nimevaa suti, nimeshika keki, nacheka. Watu wananiambia nilitoa hotuba nzuri. Nimemwambia mke wangu nakumbuka.” Akafuta usukani kwa kiganja, ingawa ulikuwa safi. “Na nikirudi kutoka mazoezini, siku nyingine, nasimama njia panda sijui kwangu ni wapi. Nasubiri apite mtu ninayemjua, namfuata. Nilijua nimerogwa. Nilimlipa mtu mpaka Singida.”

Dereva alikuwa anarudi na chupa ya maji.

“Usimwambie mtu,” akasema Gidamis, akashuka. Nikasikia akipanda nyuma, na sauti yake ya kawaida ikiwaambia wengine, “Hakuuza. Anaumwa. Atakayemgusa nitamgusa.”

Alhamisi iliyofuata mimi na Gidamis tulipanda basi la kwenda hospitali, yeye kiti cha mbele na mimi cha nyuma, ili tusionekane pamoja. Mimi nilipumzishwa miezi minne, mpira wa juu ukarudi kuwa mmoja, nikadaka misimu miwili zaidi, nikitoka langoni kwa uangalifu ambao wengine mliuita uzee. Nilimuuliza daktari swali moja tu: kama ningebaki kwa kona ile, ningekufa? Akasema hajui. Hakuna kipimo cha jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo sijui hadi leo kama niliuza daraja la timu ili ninunue uhai wangu, au niliuza bure. Watu wakiwauliza, wajibuni hivyo.

Lakini hayo daktari alinieleza baadaye. Asubuhi ile tulikuwa kwenye benchi la kusubiria, ubavu kwa ubavu, kadi mkononi. Mlango ukafunguliwa, muuguzi akauliza nani wa kwanza. Hakuna aliyesimama.

“Anza wewe,” Gidamis akanong'ona.

“Kapteni kwanza.”

“Wewe ndiye uliyeanza kuumwa.”

“Kaka, wewe ndiye uliyeanza.”

Muuguzi akasema kama hatuumwi kuna wanaoumwa. Gidamis akasimama. Alipofika mlangoni akageuka, akarudi hatua mbili, akainama karibu na sikio langu. Aliniuliza dada yake aliolewa lini, na kanisa gani, na bwana harusi alivaa nini, ili daktari akimuuliza awe na la kusema. Nilikuwa mwalikwa kwenye harusi ile. Nikamwambia yote. Akayarudia mara mbili, midomo ikisogea kama mtoto anayetumwa dukani, kisha akaingia.